Itongo na Litungu: Kumbukumbu za Wenye Vipawa katika Nchi ya Busawe

Busawe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme, ambao lugha na mila zao ziko karibu sana na za Wakurya wa Tarime, ng'ambo ya Mto Mara. Katika nchi hii kumbukumbu ya marehemu, hususan yule ambaye kipawa chake kiliwalea wengine, ilifungamana na mahali muda mrefu kabla ya kufungamana na tarehe, na kwa sababu hiyo anayetafuta asili ya hafla za kumbukumbu za leo hana budi kuanzia kwenye makaburi na mahame.

Miongoni mwa Wangoreme na jirani zao Wanata, Waikoma, Waishenyi na Waikizu, baadhi ya sehemu za kale, mara nyingi pale alipozikwa mganga wa mvua au nabii mashuhuri, huitwa emisambwa, neno linalotaja kwa pamoja mizimu ya wahenga na mahali inapokaa. Wazee walizuru huko na sadaka ili kuomba mvua na uzazi, na ziara hiyo ilidai maarifa, kwa kuwa aliyekwenda alipaswa kuijua njia, kulijua jina la pahali, na kuwa na uhusiano wa ukoo uliompa haki ya kusema na marehemu. Mwishoni mwa karne ya 19, uvamizi wa Wamasai, njaa, ndui na sotoka iliyoangamiza ng'ombe viliwatawanya watu wa nyanda hizi, wakaacha nyuma makazi na makaburi. Na Hifadhi ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, kisha mipaka yake ikakazwa, sehemu kadhaa za ibada zilibaki ndani ilhali wenyewe wakabaki nje. Hasara hiyo haipimiki kwa ekari, maana kaburi lisilozuriwa hunyamaza pamoja na masimulizi yaliyokuwa yakisemwa juu yake.

Kipawa cha muziki kilikumbukwa kwa namna nyingine. Litungu, ambalo Wakurya huliita iritungu, ni ala ya nyuzi nane zilizofungwa kutoka kwenye mti wa juu hadi kwenye bakuli lililowambwa ngozi. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za kano za mnyama na siku hizi ni za nailoni, na mpigaji huketi akiimba sifa za watu, koo na mifugo huku vidole vyake vikijibizana na sauti yake. Kwa kuwa muziki huo haukuandikwa popote, kijana alijifunza kwa kukaa karibu na bingwa, kutazama mikono yake na kuirudia, hata mtindo wa mwalimu ukasikika katika vidole vya mwanafunzi miaka mingi baada ya mazishi. Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, wana nyatiti, ala ya jamaa hiyohiyo, ambayo mpigaji wake ni mtu wa kutegemewa matangani. Nyuzi zake nane huelezwa kuwa ni siku nne za mwanzo wa maisha ya mwanamume na siku nne za mwisho wake, maelezo yanayofanya kila upigaji wake uguse kuzaliwa na kufa kwa pamoja.

Wamisionari wa Kimenoni walipofika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll walipoingia Musoma mwaka 1946, waliweka msingi wa desturi mpya: ibada au misa ya kumbukumbu, msalaba juu ya kaburi na, baadaye, wasifu wa marehemu, yaani maelezo ya maisha yake yanayosomwa mbele ya waombolezaji, kuanzia kuzaliwa, shule na kazi hadi ugonjwa. Wasifu umeokoa mengi ambayo yangepotea, lakini ni chombo kigumu kwa msanii, kwa sababu huorodhesha alikopita na kuacha alichowafanya wengine wawe. Pengo hilo ndilo linalozibwa na mwanafunzi anayesimama baada ya msomaji na kuimba kwa mtindo wa bwana wake.

Namna zote hizi zinakutana Butiama, kwa Wazanaki. Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, alizikwa Mwitongo, jina linalotokana na itongo, yaani mahali pa mji wa zamani wa wazazi. Taifa lilimpa tarehe, ikawa sikukuu. Kanisa likampa misa. Nchi yake ikampa itongo. Wapenzi wa lugha walimkumbuka pia kama mwandishi, mfasiri wa tamthilia mbili za Shakespeare zilizotoka mwaka 1963 na 1969, na tarehe 13 Aprili 2023, siku yake ya kuzaliwa, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza, kwa waandishi waliowasilisha miswada yao.