Jembe, Daftari na Wimbo: Watoto wa Kipolandi Masindi na Tengeru

Ukifika Nyabyeya, ukingoni mwa msitu wa Budongo katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, utaliona kanisa ambalo wageni wengi hulistaajabia. Halikujengwa na wamisionari tuliowazoea katika historia ya nchi hizi, bali na wakimbizi wa Kipolandi, kati ya mwaka 1943 na 1945. Huko Koja, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, wako wenzao waliozikwa. Na Tengeru karibu na Arusha, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yako makaburi yao mengine yapatayo 150.

Habari za wakimbizi hao zimekwisha kusimuliwa kwa upande wa vita na siasa. Hapa tunauliza jambo dogo zaidi, ambalo latuhusu sisi walimu. Watoto walioletwa katika makambi hayo walikuwa wameona njaa, baridi na vifo. Elimu ya kutibu nafsi za watoto wa vita ilikuwa bado changa mno siku zile. Je, ni kitu gani kilichowarudishia utulivu, kwa kadiri ulivyorudi?

Yafaa kwanza tukumbushane walikotoka. Tarehe 17 Septemba 1939, majeshi ya Kisovieti yaliingia Polandi ya mashariki, siku kumi na sita baada ya Wajerumani kuivamia nchi hiyo kutoka magharibi. Kuanzia Februari 1940 hadi Juni 1941, mamia ya maelfu ya raia walitolewa majumbani mwao, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini. Wazee na watoto wachanga ndio waliokufa kwanza. Ujerumani ilipoigeukia Urusi mwaka 1941, mkataba ulitiwa sahihi London mwezi Julai, Wapolandi wakaachiliwa, na jeshi lao likaundwa chini ya Jenerali Władysław Anders. Mwaka uliofuata jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi hadi Irani, likifuatana na raia. Jumla yao ilizidi watu 110,000. Wanaume wakaendelea na vita. Wanawake na watoto ikabidi watafutiwe mahali pa kukaa, na zaidi ya 18,000 kati yao wakaletwa katika makoloni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Tengeru, chini ya Mlima Meru, ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, yenye watu wapatao 5,000.

Walioshuka kutoka katika meli na magari-moshi hawakuwa watoto wa kawaida. Wengi waliookoka wamesimulia jinsi walivyokuwa wakificha mkate chini ya godoro, hata pale mkate ulipokuwa tele. Wako waliozika mama njiani, na wako waliotengana na ndugu katika kituo cha treni wasionane tena. Mtoto wa miaka kumi na minne aliweza kuwa amekosa miaka miwili au mitatu ya masomo, akalazimika kukaa benchi moja na wa miaka kumi. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpokea mwanafunzi wa namna hiyo anajua kuwa aibu yake si ndogo.

Basi tutazame walivyoishi. Nyumba zilikuwa za msonge au za udongo, zimeezekwa kwa nyasi na kupakwa chokaa. Zilijengwa na Waafrika wa sehemu hizo. Kinamama hawakukawia kuzizungushia bustani za maua na mboga, na watoto wakapewa kazi ya kumwagilia na kupalilia. Shule zilifunguliwa mapema, nyingine kabla ya madawati na vitabu kupatikana. Waliofundisha wengi wao walikuwa wanawake, na si wote waliosomea ualimu. Waliandika ubaoni yale waliyoyakumbuka, na watoto wakayanakili, hata daftari likawa ndilo kitabu. Baada ya shule za msingi zikaja shule za sekondari na za ufundi, ambako wasichana walifunzwa ushonaji. Alasiri palikuwa na skauti, na kila kambi ilikuwa na vikosi vyake vya wavulana na wasichana. Palikuwa na kwaya, ngoma za kwao, michezo ya kuigiza na sikukuu za Kanisa zilizotangulizwa na majuma ya matayarisho. Jioni palikuwa na moto wa skauti na nyimbo.

Kwa mtazamo wa haraka, haya ni mambo ya kupitisha wakati. Mimi naona yalikuwa zaidi ya hayo, nami nitaeleza kwa nini.

Mtoto aliyetolewa kitandani usiku na askari hujifunza somo moja baya: kwamba kesho haitegemeki. Somo hilo haliondolewi kwa maneno matamu. Huondolewa na siku zinazofanana. Leo shule huanza saa ile ile ya jana. Mwalimu ni yule yule. Mche uliopandwa Jumatatu unamngoja mwenye kuumwagilia Jumanne. Sauti ya pili katika kwaya haitimii bila yake. Mambo haya madogo yanaporudiwa miezi na miaka, mtoto huanza tena kuiamini kesho. Jambo la pili ni kwamba kazi hizo zilikuwa kazi za kweli. Mboga zililiwa na nguo zilivaliwa. Mtoto aliyekuwa amezoea kuwa mzigo wa kubebwa na kugawiwa chakula akajikuta anahitajiwa.

Hata hivyo tusiwasifu wakuu wa makambi kwa hekima wasiyoidai. Shabaha yao haikuwa afya ya akili. Walitaka kulea Wapolandi watakaorudi kuijenga nchi yao vita vikiisha, na nyimbo, historia na gwaride vyote vilielekezwa huko. Utulivu wa watoto ulikuja kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Wakati huo huo, mbali sana na Meru, mtu mwingine alikuwa akiyachunguza mambo haya kwa makusudi. Anna Freud, pamoja na Dorothy Burlingham, alifungua mwaka 1941 malezi ya watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead, London. Waliona kwamba mabomu hayakuwatisha watoto wadogo kama walivyodhani watu. Kilichowaumiza zaidi ni kutengwa na mama. Mwaka 1942 wakafanya badiliko lionekanalo dogo. Badala ya kila mlezi kumhudumia kila mtoto, waliwagawa watoto katika vikundi vidogo kama familia, kila kikundi na mlezi wake wa kuwaogesha, kuwavisha na kuwatunza. Kwanza pakazuka vilio na wivu usiokuwako kabla. Kisha wivu ukatulia, na watoto wakaanza kuendelea upesi katika usemi na tabia. Chakula kilikuwa kile kile na vyumba vile vile. Kilichobadilika ni nani aliyemwogesha nani.

Nisije nikaeleweka vibaya: kambi haikuponya kila kitu. Mwezi Mei 1944, baba na kaka wa watoto wengi walipigana Monte Cassino nchini Italia, na habari za vifo zikafika Tengeru na Masindi kwa barua. Februari 1945, katika mkutano wa Yalta, sehemu zile za mashariki ambako wengi wa wakimbizi hawa walizaliwa zilikubaliwa kuwa za Urusi ya Kisovieti. Julai mwaka huo Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Kipolandi iliyokuwa London, ile ile iliyokuwa ikizigharimia shule za makambi. Fikiri hali ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa juma lile. Ramani aliyokuwa akiifundisha haikuwako tena. Masomo yaliendelea hata hivyo, lakini ile kesho iliyokuwa imejengwa kidogo kidogo, bustani kwa bustani, ilikuwa imepoteza jina la mahali.

Liko pia jambo ambalo wasimulizi wa Kipolandi hawalitaji sana, nasi hatuna sababu ya kulificha. Watoto hawa walipata shule za msingi na za sekondari katika nchi ambazo wengi wa watoto wa Kiafrika hawakuwa na shule yoyote. Utawala wa kikoloni uliwaweka wakimbizi upande wa weupe, ingawa uliwatazama kwa mashaka kwa sababu ya umaskini wao. Watoto wenyewe walivuka mpaka huo kwa namna ya kitoto. Baadhi yao waliondoka na maneno ya Kiswahili waliyoyaokota kwa wapishi na wachukuzi. Kuvuka kwao hakukubadili sheria.

Wakimbizi wengine wamefuata katika eneo letu, na hawa hawakuwa na serikali ya kuwagharimia. Baada ya 1959, Wanyarwanda walipokewa Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Baada ya 1972, Warundi walipewa ardhi Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Ni vigumu kuwalinganisha kwa haki na watu wa Tengeru. Lakini kila panapopungua fedha katika shule za wakimbizi, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kile: bustani, kwaya na michezo, kwa hoja kwamba si masomo. Mtoto aliyekimbia vita hubakiwa na hesabu na mtihani tu. Mimi ningekata vingine kwanza.

Makambi yalianza kufungwa baada ya 1947. Wenye jamaa jeshini walikwenda Uingereza, wengine Australia na Kanada. Tengeru wakabaki mayatima, ambao serikali mpya ya Warsaw iliwadai kuwa raia wake. Padri Lucjan Królikowski, ambaye mwenyewe alipata kuhamishiwa Siberia, alikuwa miongoni mwa walezi wao. Mwaka 1949 watoto wapatao 150 walisafirishwa kwa meli kutoka Mombasa hadi Italia, kisha Ujerumani, na hatimaye Kanada, huku Warsaw ikilalamika kwamba wametekwa. Miongoni mwao walikuwamo waliofika Afrika wakiwa wadogo kiasi cha kutoikumbuka Polandi kabisa. Kwao nyumbani kulikuwa ni msonge uliopakwa chokaa, bustani mlangoni, Meru kwa nyuma, na wenzao wa bweni moja, ambao kwa miaka saba walikuwa wamekula nao, wameimba nao na kupalilia nao. Walipofika Quebec walipokewa kwa wema, wakapewa viatu vya baridi na shule za Kifaransa. Kisha wakagawanywa.