Zeerust, au mpauko wa kesho

Mwaka 1983 Waingereza wawili, Douglas Adams na John Lloyd, walitoa kamusi ya majina ya miji waliyoyapachika maana mpya. Zeerust, mji wa Afrika Kusini, wakaupa maana ya ukongwe wa kitu kilichobuniwa makusudi kionekane cha siku zijazo. Wapenzi wa riwaya za kisayansi wanalitumia neno hilo hadi leo.

Sisi husema "kimepitwa na wakati". Haitoshi. Taipureta nayo imepitwa na wakati, lakini haikujidai kuwa ya kesho. Napendekeza mpauko wa kesho. Wanunuzi wa vitenge Bariadi, mji wa pamba, wanatofautisha kuchuja na kupauka: kinachochuja hutoa rangi siku ya kwanza ya kufuliwa, kinachopauka kiling'ara kweli, jua likakimaliza polepole. Na kitambaa cheupe hakina cha kupauka. Ndivyo Shaaban Robert alivyoiweka nchi yake ya Kusadikika angani mwaka 1951 bila kuhitaji injini, na sioni kilichopauka humo.

Jules Verne ni habari nyingine. Katika riwaya yake ya 1863, Dk. Fergusson na wenzake wawili wanapaa kwa puto kutoka Zanzibar, wanapita Kazeh, Tabora ya leo, kisha wanashika njia ya kaskazini hadi Ziwa Viktoria. Puto limetiwa haidrojeni. Fergusson akitaka kupanda, anakoleza moto: betri inatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi hizo zinawaka, na joto lake linaitanua haidrojeni iliyomo putoni. Akitaka kushuka, anapunguza. Kanuni yenyewe ni sahihi; hata marubani wa maputo ya watalii Serengeti hupanda na kushuka kwa kuongeza na kupunguza joto, ila wao wanapasha hewa. Lakini mwali chini ya haidrojeni! Sisi tunaojua jinsi meli ya anga Hindenburg, nayo ya haidrojeni, ilivyoteketea mwaka 1937 tunasoma roho mkononi. Na chombo kilichobuniwa kuvuka bara zima sasa kinapaa alfajiri kutazama nyumbu.

Huo ndio mpauko. Ila huko Kazeh Verne anawafanya wenyeji wadhani puto ni mwezi na abiria wake ni wana wa mwezi. Kazeh ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pwani na maziwa, watu wake wamezoea wageni na bidhaa za mbali. Rangi hiyo haikupaukia mikononi mwetu. Ilikuwa mbaya tangu kiwandani. Mwalimu anayesomesha riwaya hii aseme puto limepauka, na sura ya Kazeh aiite dharau.