Pawa saplai ya kabati la pampu: ijue, ikague, ibadilishe kabla maji hayajakatika

Maji yakikatika kambini au kijijini, jambo la kwanza watu kusema ni kwamba pampu imekufa. Mara nyingine pampu ni nzima kabisa huko chini kisimani. Kilichokufa ni kifaa kimoja kidogo ndani ya kabati la umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kifaa hiki huzeeka polepole na hutoa dalili kabla ya kufa. Kama kingine kipo stoo, fundi anaweza kukibadilisha kwa saa chache. Kama hakipo, jamii nzima hupanga foleni na madumu mpaka kiagizwe kutoka mjini.

Makala haya ni kwa wakimbizi na wenyeji wanaotumia maji ya mtandao mmoja: wanakamati wa maji, wahudumu wa pampu, mafundi, na wewe unayechota maji kila siku. Sehemu kubwa ni ya kila mtu. Hatua za kubadilisha kifaa ni kwa fundi umeme mwenye leseni peke yake.

Pawa saplai hufanya kazi gani?

Pampu kubwa hutumia umeme mkali, kwa kawaida volti 240 au 415 kutoka gridi au jenereta. Lakini vifaa vinavyoiamuru pampu iwake au izime hutumia umeme mdogo, mara nyingi volti 24 za DC. Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme mkali na kutoa huo mdogo.

Vifaa vinavyoitegemea ni hivi:

- Kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo, ambayo mafundi huiita PLC.
- Sensa inayopima kiasi cha maji kwenye tangi.
- Sensa inayozima pampu maji yakipungua kisimani.
- Rilei zinazoiamuru kontakta iwashe mota.

Pawa saplai ikifa, vyote hivi hunyamaza hata kama umeme wa gridi upo na jenereta inanguruma.

Makabati ya aina hii hupatikana kwenye visima virefu, kama vile vinavyotegemewa Kakuma nchini Kenya, na kwenye mitambo ya kusafisha maji, kama ile inayovuta maji ya Ziwa Nakivale nchini Uganda. Pampu ndogo za sola ni tofauti kidogo. Nyingi zina kontrola iliyofungwa, na pawa saplai imo ndani yake. Hapo fundi hafungui kifaa kidogo, bali hufuata kitabu cha mtengenezaji au hubadilisha kontrola yote.

Kwa nini huzeeka?

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye umajimaji unaosaidia kutuliza umeme. Joto hukausha umajimaji huo. Kanuni ambayo mafundi hutumia ni hii: joto la kapasita likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu.

Chukua mfano wa kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 55, hesabu inatoa saa 64,000, yaani miaka 7 na zaidi kidogo ya kuwaka usiku na mchana. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, hubaki saa 32,000, chini ya miaka 4. Nyumba ya pampu iliyoezekwa mabati, isiyo na madirisha ya kutosha, inaweza kuleta tofauti hiyo.

Mambo mengine yanayoharakisha uzee ni vumbi linaloziba matundu ya hewa, mijusi na sisimizi wanaoingia kupitia mashimo ya nyaya, radi, na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka.

Dalili za kuangalia

Mhudumu wa pampu anaweza kuona au kusikia dalili hizi bila kugusa waya wowote:

- Taa ndogo ya kijani kwenye pawa saplai inapepesa, imefifia au imezimika.
- PLC inajizima na kuwaka tena, hasa pampu inapoanza.
- Rilei zinagonga haraka haraka kama meno ya mtu mwenye baridi.
- Kipimo cha tangi kinaonyesha namba zinazorukaruka ilhali maji yametulia.
- Kuna mlio mwembamba, harufu ya kuungua au plastiki iliyobadilika rangi.
- Baada ya umeme kukatika na kurudi, mtambo unakataa kuwaka mpaka uzimwe na kuwashwa mara kadhaa.

Dalili ya mwisho inastahili uangalifu wa pekee. Pawa saplai iliyochoka inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi kama haizimwi. Siku inapozimwa ikapoa, hushindwa kuanza tena. Ndiyo maana vifo vingi vya kifaa hiki huonekana asubuhi baada ya umeme kukatika usiku.

Andika unachokiona kwenye daftari la pampu, pamoja na tarehe na saa. Fundi akikuta maelezo hayo, hapotezi siku nzima akitafuta tatizo.

Usikubali njia ya mkato

Maji yakikosekana kwa siku 2, shinikizo huwa kubwa. Hapo hutokea mtu akasema anaweza kuunganisha pampu moja kwa moja, bila kupitia kabati la kudhibiti. Maji yatatoka kweli, lakini sensa inayolinda pampu itakuwa haifanyi kazi tena. Maji yakipungua kisimani, pampu itaendelea kuzunguka ikiwa kavu na kuungua. Kuitoa pampu ya kisima kirefu na kununua nyingine kunagharimu mara nyingi zaidi ya bei ya pawa saplai, na huchukua muda mrefu zaidi.

Fikiria ukubwa wa hasara. Kiwango cha UNHCR baada ya dharura kupita ni angalau lita 20 za maji kwa kila mtu kwa siku. Kisima kinachohudumia watu 5,000 kinatakiwa kutoa lita 100,000 kila siku. Kikisimama, gari la maji la lita 10,000 litahitaji safari 10 kwa siku ili kuziba pengo hilo.

Ibadilishwe lini?

Usisubiri ife. Kamati na shirika linalosimamia maji wakubaliane juu ya mambo haya:

1. Andika tarehe ya kufungwa kwa kifaa kwenye kibandiko, ndani ya mlango wa kabati.
2. Mara moja kwa mwaka, fundi apime volti zinazotoka pampu ikiwa imezimwa, kisha pampu inapoanza, na aandike namba zote mbili. PLC nyingi za volti 24 hukubali kati ya volti 20.4 na 28.8. Namba ikishuka mwaka hadi mwaka, kifaa kinachoka.
3. Fuata umri uliotajwa na mtengenezaji, lakini kama kabati lina joto kali, badilisha mapema.
4. Panga kazi hiyo siku ambayo tangi limejaa, na watangazie watu mapema.

Kuchagua mpya

Kifaa kipya si lazima kiwe cha kampuni ileile. Lazima kilingane katika mambo haya:

- Umeme unaoingia. Cha volti 240 hakifai kwenye volti 415.
- Umeme unaotoka. Kama cha zamani kilitoa volti 24 za DC, kipya kitoe hizohizo.
- Ampea. Zisipungue zile za zamani, na acha nafasi. Kama vifaa vyote vinatumia ampea 3.5, chagua cha ampea 5, ili kifanye kazi kwa asilimia 70 tu ya uwezo wake.
- Joto. Soma kitabu chake. Vifaa vingi hupunguziwa mzigo kabati likipita nyuzi 50 au 60.
- Ukubwa. Kiingie kwenye reli iliyopo na kibaki na nafasi ya hewa juu na chini kama mtengenezaji anavyotaka.

Jihadhari na bidhaa bandia. Kifaa chepesi mno, kisicho na namba ya toleo wala karatasi ya maelezo, kikiuzwa kwa bei ya kutupa, kitakurudisha sokoni haraka.

Hatua za kubadilisha: kwa fundi mwenye leseni tu

Leseni za mafundi umeme hutolewa na ERA nchini Uganda, EPRA nchini Kenya na EWURA nchini Tanzania. Kamati ina haki ya kuomba kuiona leseni kabla kabati halijafunguliwa.

1. Hifadhi programu ya PLC kwanza. Baadhi ya PLC za zamani hutunza programu kwa msaada wa betri ndogo. Betri ikiwa imekufa, ukizima umeme programu inafutika, na mtambo hautawaka hata ukiweka pawa saplai mpya.
2. Piga picha za nyaya na uziwekee alama.
3. Zima vyanzo vyote: gridi, jenereta na sola. Jenereta inayojiwasha yenyewe iwekwe kwenye hali ya kuzimwa. Kila swichi ifungwe kwa kufuli na kuwekewa kibao, na ufunguo ubaki mfukoni mwa fundi.
4. Kumbuka sola haizimiki kama taa. Jua likiwapo, paneli zina umeme, na zikiunganishwa nyingi zinaweza kufikisha mamia ya volti za DC. Tumia swichi ya kutenganisha. Usichomoe nyaya za paneli wakati mzigo unatembea, kwani huruka cheche ndefu zinazounguza.
5. Subiri. Kapasita hubaki na umeme baada ya kuzimwa. Kama kabati lina inveta ya mota, subiri dakika zilizoandikwa juu yake.
6. Pima kuhakikisha hakuna umeme. Jaribu kipimo kwanza mahali penye umeme unaojulikana, pima kwenye kabati, kisha kijaribu tena mahali pale pa kwanza. Kipimo kibovu kimeshaua mafundi.
7. Ondoa cha zamani, funga kipya. Waya wa ethi uunganishwe kwanza. Hakikisha chanya na hasi hazijabadilishana, na skrubu zote zimekazwa.
8. Washa kabla ya kuunganisha vifaa vya volti 24. Pima, rekebisha mpaka volti 24, zima, unganisha vifaa, washa tena.
9. Jaribu ulinzi. Pampu iwake na kuzima, na sensa ya tangi na ile ya kisima zifanye kazi. Mtambo usikabidhiwe kabla ya jaribio hili.

Ya akiba iwe stoo

Kwa mtambo unaohudumia maelfu ya watu, pawa saplai ya akiba si anasa. Itunze mahali pakavu pasipo joto, na andika tarehe ya kununuliwa. Hata ikiwa kwenye boksi, kapasita huzeeka taratibu, kwa hiyo wakati wa kubadilisha funga ile iliyokaa stoo na uweke mpya mahali pake. Mitambo mikubwa inaweza kufungwa pawa saplai mbili pamoja na kifaa cha kuziunganisha, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Iliyotolewa isichomwe moto wala kupewa watoto kuchezea. Irudishwe kwa shirika linalosimamia maji pamoja na taka nyingine za umeme.

Wewe unaweza kufanya nini?

- Usifungue kabati, na usiruhusu watoto kucheza karibu nalo.
- Usivute waya kutoka kwenye kabati kwa ajili ya kuchaji simu au kuwasha taa. Mzigo huo huongeza joto na unaweza kuua.
- Maji yakikatika, mwarifu mwanakamati wa maji au mhudumu wa pampu siku hiyohiyo, au piga namba iliyobandikwa kwenye kioski cha maji. Taja jina la kituo, saa maji yalipokatika, na kama ulisikia au kunusa jambo lolote.
- Kwenye mkutano wa kamati, uliza maswali mawili: pawa saplai yetu ilifungwa mwaka gani, na ya akiba ipo?
- Mtu akikudai hongo ili pampu ya jamii irekebishwe, usitoe. Toa taarifa kwenye dawati la malalamiko la shirika linalosimamia maji au kwa ofisi ya UNHCR iliyo karibu nawe. Taarifa yako itatunzwa kwa siri.