Saratani kali ya damu kwa wazee: umri si kipimo pekee

Mzee anapoambiwa ana saratani kali ya damu, yaani lukemia kali, ndugu huuliza kwanza: atapona? Wanataka kujua kabla ya kuchanga nauli na gharama za hospitali. Muda wenyewe ni mfupi, kwani ugonjwa huu usipotibiwa unaweza kuua ndani ya wiki au miezi michache.

Lukemia huanzia kwenye uboho, ulio ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe changa zisizokomaa hujaa humo na kuzibana nyingine. Mgonjwa huishiwa damu, fizi hutoka damu na homa humrudia. Dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine, malaria ikiwamo, hivyo uhakika hupatikana kwa kupima damu na uboho.

Kwa muda mrefu umri ulikuwa sababu kubwa ya kutompa mzee dawa kali. Lakini mtu wa miaka 75 anayelima mwenyewe si sawa na wa miaka 65 mwenye figo mbovu na kisukari.

Mwaka 2013 watafiti wa Wake Forest, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 74 wenye miaka 60 na zaidi waliokuwa wakianza dawa kali. Vipimo vyao havikuhitaji mashine: kusimama bila kuyumba, kutembea mwendo mfupi huku muda ukihesabiwa, kuinuka kwenye kiti mara tano bila kujishika, na maswali ya kumbukumbu. Walioshindwa, kwa mwili au kwa akili, waliishi muda mfupi zaidi.

Kipimo kingine ni cha vinasaba vya saratani yenyewe, na hiki kinahitaji maabara kubwa. Hitilafu kwenye jeni ya TP53 ni dalili mbaya, hata kwa mzee mwenye nguvu. Ile ya NPM1 mara nyingi huashiria kwamba dawa zitafanya kazi vizuri zaidi.

Wasioweza kuhimili dawa kali wana njia nyingine. Katika utafiti wa mwaka 2020, nusu ya waliopewa azacitidine pamoja na venetoclax waliishi zaidi ya miezi 14. Kwa azacitidine pekee ilikuwa miezi 9 na nusu. Hapa watu wengi huelewa vibaya: miezi 14 si tarehe ya kifo. Nusu walivuka hapo, wengine kwa muda mrefu.

Mkifika hospitali, mwelezeni daktari mzee alikuwaje miezi miwili au mitatu kabla ya kuugua. Alikuwa akienda kisimani? Alipika? Alisahau majina ya wajukuu? Udhaifu ulioletwa na lukemia unaweza kupungua kwa matibabu. Ule wa miaka mingi ni vigumu. Bebeni dawa zote anazotumia. Na kabla ya kuamua, mwulizeni mwenyewe anataka nini: kupigania muda zaidi hospitalini, au kutulizwa maumivu akiwa nyumbani.