Mtambo Mkuukuu, Mtutu Mwingine: Gobore, Mhunzi na Ulinzi wa Mashamba katika Uwanda wa Kati wa Tanganyika, 1866–1951

Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliishinda Austria kule Königgrätz likitumia bunduki ya Dreyse, ambayo askari aliweza kuijaza kwa nyuma hata akiwa amelala kifudifudi. Mwaka huohuo Ufaransa iliidhinisha bunduki ya Chassepot, na Uingereza ikaanza kuzikata bunduki zake za Enfield upande wa nyuma ili kuzitia kifuniko cha Snider. Katika muda wa miaka michache, bunduki za kushindilia zilizokuwa fahari ya majeshi ya Ulaya zikawa mzigo wa maghala. Nyingi zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni haja ya wenyewe. Karakana za Liège zilizikarabati na nyingine zikazibadili mitambo, wafanyabiashara wakazipakia melini, na zikashushwa Unguja. Kutoka pwani zilipanda bara mabegani mwa wapagazi, zikapita Mpwapwa, Ugogo na pori la Mgunda Mkali, hadi Unyanyembe.

Historia ya silaha hizi imeandikwa zaidi kama historia ya vita. Beachey (1962) alichunguza biashara yenyewe, na matoleo maalumu ya jarida la *Journal of African History* ya mwaka 1971 yakafungua mjadala kuhusu bunduki na dola za Kiafrika. Kwa upande wa uwanda wa kati, majina yanayotawala ni ya Mirambo na Nyungu ya Mawe, watemi wawili waliofariki mwaka mmoja, 1884, baada ya kujenga himaya zao kwa nguvu za ruga-ruga. Mkazo huo si wa makosa. Mirambo alijua thamani ya baruti kuliko wengi wa wakati wake, na uhusiano wake na mfanyabiashara Mswisi Philippe Broyon ulitokana kwa sehemu kubwa na haja hiyo. Hata hivyo, bunduki iliyopigana mwaka 1871 katika vita vya Tabora haikufa vita vilipokwisha. Ilirudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na shamba.

Ukubwa wa biashara hiyo unafahamika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Tarakimu hii hunukuliwa mara nyingi bila tahadhari. Haisemi ni ngapi zilifika Ugogo au Unyamwezi, wala haitenganishi bunduki kuukuu za kijeshi na zile zilizotengenezwa kwa bei rahisi mahususi kwa soko la Afrika. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa bunduki ya jeshi ilikuwa imejaribiwa na serikali iliyoiagiza. Mtambo wake, yaani jogoo, kamani na ulimi wa kufyatulia, ulikuwa wa chuma kilichopikwa vizuri, na ulikuwa sehemu ngumu kuliko zote kuigwa katika kiwanda cha kijijini.

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi ujuzi huu kwa namna ambayo nyaraka za kibalozi hazikuuhifadhi. Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa jiwe. Fataki ni kifuko kidogo kinacholipuka kikigongwa na jogoo. Kifa ni tundu ambalo moto hupitia. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Marisau ni risasi ndogondogo za kuwindia. Lugha inayotofautisha vitu kwa kiasi hicho ni lugha ya watu wanaovifungua, kuvisafisha na kuvirekebisha, si ya watu wanaoviogopa tu. Hapa hoja ya Macola (2016) kuhusu Afrika ya Kati, kwamba jamii zilizipokea bunduki kwa kuzipa maana na matumizi yao wenyewe, inafaa kwa uwanda wa Dodoma na Tabora pia, ingawa yeye hakuandika juu ya eneo hili.

Mhunzi wa Unyamwezi hakuanza na bunduki. Alianza na jembe. Majembe ya chuma ya Unyamwezi yaliuzwa Ugogo na yalipokewa katika malipo ya hongo, ushuru ambao watemi wa Kigogo waliutoza misafara kwa haki ya maji na njia. Ilipofika bunduki, mhunzi alikuwa tayari na tanuri, mivukuto, nyundo na koleo. Kilichomshinda kilikuwa kamani. Kuipa chuma hali ya kujikunja na kurudi maelfu ya mara bila kuvunjika ni kazi ya kupika na kupoza kwa kiwango ambacho jembe halikuhitaji. Kwa sababu hiyo mtambo wa kijeshi ulithaminiwa kuliko kitu kingine chochote katika bunduki. Kitako kikioza au kuliwa na mchwa kilichongwa kingine, na miombo ya upande wa Manyoni na Tabora haikukosa mninga, mti unaosifika kwa kutopinda unapokauka. Mtutu ulioharibika mdomo ulifupishwa. Bunduki ya vita ya Ulaya ilitolewa katika mstari wa askari mia waliofyatua kwa pamoja, ikawa chombo cha mtu mmoja anayevizia nguruwe usiku.

Ni vyema kukumbuka kwamba mafundi wa London walifanya jambo lilelile, kwa heshima kubwa zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 John Rigby alichukua mitambo ya Mauser kutoka Oberndorf, mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi, akaitia mitutu na vitako vya kuwindia. Risasi yake ya.416, ya mwaka 1911, ilipata umaarufu hapa Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu zote mbili mitambo ya Mauser iliyobaki iligeuzwa kwa wingi kuwa bunduki za uwindaji duniani kote. Kazi ya Rigby huitwa ufundi. Ya mhunzi wa Unyanyembe imeitwa mara nyingi ubabaishaji.

Haja ya silaha shambani haiwezi kueleweka bila kuelewa kilimo chenyewe. Ugogo hupata mvua ya msimu mmoja, haba na isiyotabirika. Mtama na uwele hustahimili ukame, lakini shamba lililonusurika jua huvamiwa na walaji wengine. Dhidi ya kwelea kwelea bunduki haina maana. Watoto na wanawake walipanda juu ya dungu kuamia ndege kwa makelele na makombeo tangu alfajiri. Dhidi ya nyani na ngedere mlio pekee ulisaidia kwa siku chache. Nguruwe mwitu na nungunungu ni walaji wa usiku, na upande wa magharibi, kuelekea Rungwa, kulikuwa na tembo, ambaye huweza kumaliza chakula cha kaya nzima kwa usiku mmoja. Katika nchi ambayo njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, iliua watu wengi kiasi cha kubaki katika kumbukumbu za Wagogo hadi leo, nguruwe si kero tu.

Sheria ilitazama mambo kwa jicho lingine. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukiruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Mwaka 1896 Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga hifadhi za kwanza. Halafu Tanganyika ilipowekwa chini ya Udhamini mwaka 1922, Uingereza iliwajibika kwa Shirikisho la Mataifa kusimamia kwa ukali biashara ya silaha. Matokeo yake hayakuwa kutokomea kwa gobore. Sheria iliyofunga mlango wa bunduki mpya iliufanya mtambo mkuukuu uzidi thamani, na kumfanya mhunzi awe mtu wa lazima.

Kjekshus (1977) alidai kuwa ukoloni, pamoja na sotoka ya miaka ya 1890, uliwanyang'anya watu wa Tanganyika udhibiti wa mazingira yao: ng'ombe walikufa, vichaka vikarudi, mbung'o na wanyama wakasogea hadi mipakani mwa vijiji. Wakosoaji wake wameonyesha kwamba aliipamba mno hali ya kabla ya 1890, na katika hilo wana haki; karne ya 19 ya uwanda wa kati haikuwa bustani ya amani. Lakini ukosoaji huo hauigusi hoja yake nyembamba zaidi, ambayo ndiyo yenye uzito hapa. Mkulima aliyezuiwa kuwinda bila leseni, na ambaye baruti yake ilidhibitiwa, alipoteza njia ya kulisukuma pori nyuma wakati uleule pori lilipokuwa likisonga mbele.

Dola lenyewe lilitumia silaha zilizochakaa. Mwaka 1914 makampuni mengi ya askari wa Kijerumani bado yalibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye kutoa moshi mzito uliowafichua kila walipofyatua, miaka 16 baada ya Ujerumani kuidhinisha Mauser ya 1898 kwa jeshi lake. Dodoma ilipotekwa Julai 1916, askari wa Kiafrika aliyekuwa akiitetea himaya na mkulima aliyekuwa akilinda mtama walitofautiana kwa kizazi kimoja au viwili vya teknolojia, si zaidi.

Idara ya Wanyamapori, iliyoanzishwa mwaka 1919 chini ya C. F. M. Swynnerton, ilikabidhiwa majukumu mawili yaliyovutana: kuhifadhi wanyama na kulinda mazao dhidi yao. Askari wake wenye bunduki za kisasa waliwaua tembo waharibifu, jambo lililo ushahidi kuwa serikali ilikubali tatizo lipo. Ilichokataa ni kwamba mkulima awe na suluhisho lake mwenyewe mkononi.

Kisha ukaja Kongwa. Mpango wa karanga, uliotangazwa mwaka 1946, ulihitaji mashine ambazo viwanda vya Uingereza havikuwa nazo. Mitambo chakavu ya kijeshi ilinunuliwa kutoka maghala ya mbali hadi Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilivuliwa mzinga, kikabaki na minyororo na injini, kikatumwa kung'oa visiki katika ardhi ya Wagogo. Hakuna aliyekiita kitendo hicho ubabaishaji. Udongo wa Kongwa, ambao hukauka ukawa kama saruji mvua zinapokatika, uliyashinda matrekta hayo, na Januari 1951 mpango ukatelekezwa.

Kwa mtafiti, ugumu unaobaki ni wa ushahidi. Leseni hupewa mwenye silaha, si aliyeitengeneza. Mashtaka humtaja aliyekutwa nayo. Jina la mhunzi halina safu yake katika daftari. Alama zake zipo kwenye gobore lenyewe: mtambo wenye chapa ya ghala la ng'ambo, mtutu usiolingana nao kwa umri, kitako cha mti wa nchini, na misumari ya kufungia iliyofuliwa kwa mkono.