Bwana Banting na Kuacha Mkate: Historia ya Kupunguza Uzito kwa Kuacha Wanga

  Leo tutajibu swali ambalo akina mama huliuliza pembeni, baada ya mtoto kupimwa na kadi kurudishwa: "Ni kweli nikiacha ugali na chapati nitapungua?"

Jibu fupi ni ndiyo, wengi hupungua. Lakini wanapungua kwa njia gani, na nani asijaribu? Hayo yana historia, na historia yenyewe inaanzia London, karne ya kumi na tisa.

Huko aliishi mzee mmoja kwa jina William Banting. Kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, na jamaa yake ndio waliozika wakubwa wa Uingereza, hata wa nyumba ya kifalme. Alikuwa mfupi, futi tano na inchi tano, na mwezi Agosti 1862, akiwa na umri wa miaka 65, alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani karibu kilo 92. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Kushuka ngazi alilazimika kushuka kinyumenyume, polepole, ili magoti yasimuume.

Usifikiri hakuwa amejaribu. Alienda kwa daktari mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimwambia afanye mazoezi, basi akawa anapiga makasia mtoni kila asubuhi kwa saa mbili. Misuli ikapata nguvu, lakini njaa nayo ikapata nguvu! Akawa anakula zaidi na kunenepa zaidi. Alioga baharini, alikaa kwenye bafu za mvuke, alikunywa dawa za kila aina. Mama uliyewahi kutembea kila jioni kwa mwezi mzima na mizani ikakataa kusogea, unamwelewa mzee huyu vizuri.

Kilichomwokoa ni masikio. Alianza kuwa kiziwi, akaenda kwa daktari wa masikio aliyeitwa William Harvey. Daktari huyu alikuwa amehudhuria mihadhara ya Claude Bernard huko Paris, mtaalamu aliyegundua kwamba ini hutengeneza sukari. Harvey akawaza: kama sukari na wanga vinahusika na ugonjwa wa kisukari, huenda vinahusika na unene pia. Akamwambia Banting aache vitu vitano: mkate, maziwa, sukari, pombe ya bia na viazi. Siagi nayo alishauriwa aiepuke. Ale nyama, samaki, mboga na matunda kidogo. Mkate aliruhusiwa kipande kidogo kilichokaushwa. (Mvinyo aliruhusiwa glasi kadhaa kwa siku, na hapo sisi hatumfuati daktari Harvey.)

Kufikia Septemba 1863 mzee alikuwa amepungua ratili 46, karibu kilo 21. Alifurahi hata akaandika kijitabu, akakichapisha kwa pesa zake na kugawa bure nakala za mwanzo. Kilienea haraka, na jina lake likageuka kuwa kitenzi. Mpaka leo watu wa Sweden wakitaka kusema "kujipunguza uzito" husema "banta". Yeye mwenyewe alifariki 1878 akiwa na miaka 81. Usimchanganye na Frederick Banting wa Kanada, aliyegundua insulini pamoja na wenzake mwaka 1921.

Sasa tuulize: mwilini mwa mzee huyu kulitokea nini? Harvey mwenyewe hakuelewa yote, lakini leo tunaelewa sehemu kubwa.

Chakula cha wanga, kama ugali, wali, mkate, viazi na chapati, kikisagwa tumboni hugeuka kuwa sukari kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli na ini. Inayobaki huwekwa akiba. Akiba ya kwanza ni glaikojeni: kama gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, mwili hutumia akiba hiyo kwa siku chache, na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu hupungua kilo mbili au zaidi na kuwatangazia majirani. Mama, hayo ni maji. Siku utakayokula sahani moja ya mukimo, mengi yatarudi.

Baada ya hapo ndipo mafuta huanza kupungua kweli. Wanga ukiwa mdogo insulini hushuka, na mwili hufungua ghala la mafuta. Ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Lakini sababu kubwa ni nyepesi kuliko hiyo. Mtu akila mayai, nyama, omena na maharagwe hukaa ameshiba muda mrefu. Tena ameacha mandazi, soda na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Bila kuhesabu, anakula kidogo kuliko alichokuwa akila zamani.

Mwaka 1972 daktari wa moyo wa New York, Robert Atkins, aliifufua njia hii kwa kitabu, na madaktari wenzake wakamshambulia kwa ajili ya mafuta mengi aliyoruhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani nzima ilikuwa ikikimbia mkate. Atkins alifariki 2003 baada ya kuteleza kwenye barafu, na kampuni yake iliomba ulinzi wa kufilisika 2005. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa yaache sukari na vyakula vya viwandani, yale mboga kwa wingi.

Kwa hiyo hulazimiki kumfukuza ugali nyumbani. Punguza donge liwe kama ngumi yako, ongeza sukuma wiki, acha soda. Kumbuka pia kwamba tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezewe madini ya chuma na foliki, ambavyo mama mjamzito anavihitaji sana.

Mtoto asinyimwe wanga ili apungue, anakua. Kuna watoto wenye kifafa ambao hupewa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, njia iliyoanza Marekani 1921, lakini huo ni matibabu ya hospitali, chakula kinapimwa kwa gramu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asiache wanga kabla daktari hajabadilisha kipimo cha dawa, kwani sukari inaweza kushuka mpaka akazirai.

Nawe unayenyonyesha, sikiliza hasa. Mwili wako hutumia sukari nyingi kutengeneza maziwa. Mwaka 2015 madaktari wa Sweden, nchi ile ile ya neno "banta", waliandika juu ya mama wa miaka 32, asiye na kisukari, aliyekuwa akinyonyesha huku akila mafuta mengi na wanga kidogo sana. Alianza kutapika na kuishiwa nguvu, na damu yake ilikutwa imejaa asidi ya ketoni. Alilazwa, akatibiwa kwa glukosi na insulini, akapona. Ukinyonyesha na umepunguza wanga, kisha ukaanza kutapika, kuhema haraka au kulegea, kula kitu chenye wanga na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie muuguzi ulichokuwa ukila.