Miji ya hifadhi Marekani haikuanzishwa na wale unaodhani

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na klipu ya Mmarekani akipiga kelele kuhusu "miji ya hifadhi". Mmoja anasema ni miji ya wahalifu, eti ukiua mtu huko meya anakuficha. Mwingine anasema ni miji ya upendo ambapo hakuna anayeweza kukufukuza. Wote wawili wanapata watazamaji kibao, na wote wawili wanakosea. Kwa hivyo leo tupige historia. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kukuonyesha, lakini tarehe ziko wazi na mtu yeyote anaweza kuzifuata.

Na usiniambie hii ni stori ya Wamarekani tu. Marekani ndiyo nchi inayoongoza kwa pesa ambazo Wakenya walio ng'ambo hutuma nyumbani, na si wote wanaotuma wana makaratasi sawa. Wengi wetu tunajua familia ambayo karo inalipwa na binamu ambaye viza yake iliisha kitambo. Hii mambo inamhusu yeye, kwa hivyo inamhusu na yule mtoto anayesoma.

Mji wa hifadhi ni nini hasa?

Ni mji, kaunti au jimbo ambalo limeamua kwamba wafanyakazi wake, hasa polisi na askari wa jela, hawatafanya kazi ya uhamiaji. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na siku hizi inafanywa na idara inayoitwa ICE. Mji unasema hivi: nyinyi fanyeni kazi yenu, sisi tufanye yetu.

Basi. ICE bado inaweza kuingia Chicago au New York na kukamata mtu. Polisi wa mji bado wanamshika mwizi, awe na makaratasi au asiwe nayo. Tena ukishikwa, alama zako za vidole zinapelekwa FBI, na kutoka huko zinafika kwa watu wa uhamiaji. Huo mpango wa alama ulianza kusambazwa 2008, na mji hauwezi kujitoa. Kwa hivyo ICE inajua uko wapi. Vita viko kwenye hatua inayofuata. ICE inaiambia jela: huyu mtu wakati wake wa kutoka ukifika, mshikilieni hadi saa 48 zaidi, tunakuja kumchukua. Miji ya hifadhi mara nyingi inajibu hapana, isipokuwa mlete karatasi ya jaji, au mtu mwenyewe awe na rekodi mbaya.

Hiyo "hapana" ndiyo ina historia ndefu.

Ilianza na watumwa

Rudi 1842. Marekani ina majimbo ya utumwa kusini na majimbo huru kaskazini. Mtumwa akitoroka kwenda kaskazini, sheria ya serikali kuu inamruhusu bwana wake amfuate. Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Prigg dhidi ya Pennsylvania. Wenye watumwa walifurahi, kwa sababu mahakama ilisema majimbo hayawezi kumzuia mtu kuchukua "mali" yake. Lakini ndani ya uamuzi huo huo kulikuwa na mlango mdogo: serikali kuu haiwezi kulazimisha maafisa wa majimbo kutekeleza sheria hiyo kwa niaba yake.

Massachusetts iliingia kwa huo mlango mbio. Mwaka uliofuata, 1843, ilipitisha sheria ya kukataza maafisa wake kusaidia kukamata waliotoroka, na jela zake zisitumike kuwafungia.

Kusini ilikasirika, na 1850 Bunge likapitisha sheria kali zaidi. Mwananchi wa kawaida angeweza kuamrishwa asaidie msako. Afisa aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachilia. Soma hiyo tena. Mwaka wa 1854 kijana anayeitwa Anthony Burns alikamatwa Boston na kupelekwa melini katikati ya wanajeshi, huku maelfu ya watu wamejaa barabarani wakizomea. Hakuna mwingine aliyerudishwa utumwani kutoka Massachusetts baada yake.

Hapo kuna kitu cha kuchekesha. Kusini ndiyo iliyokuwa ikiimba wimbo wa haki za majimbo kila siku. Lakini South Carolina ilipojitoa kwenye muungano 1860, mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kutii sheria ya serikali kuu. Hii tabia utaiona tena mbele: watu hupenda mamlaka ya mashinani pale yanapowafaa.

Kisha akaja karao mkali

Ukiulizwa nani alileta sera ya aina hii kwa polisi wa Los Angeles, utadhani ni mwanaharakati mwenye nywele ndefu. Hapana. Ilikuja 1979, wakati mkuu wa polisi alikuwa Daryl Gates. Huyu si mtu laini. Ndiye alikuwa mkuu 1991 maafisa wake walipopigwa video wakimchapa Rodney King, na aliondoka 1992 baada ya ghasia kuchoma mji.

Lakini Gates alikuwa anaongoza polisi katika mji wenye maelfu ya watu wasio na makaratasi, na alikuwa na shida ya kikazi. Mtu akiibiwa, haripoti. Mwanamke akipigwa na mumewe, haripoti. Shahidi akiona mauaji, anafunga dirisha. Wote wanaogopa kwamba swali la kwanza la polisi litakuwa "wewe umetoka wapi?" Agizo lake, linalojulikana kama Special Order 40, liliwaambia maafisa wasianzishe hatua yoyote kwa lengo la kutafuta kujua hali ya uhamiaji ya mtu. Huruma haikuwa na nafasi hapo. Mzee alitaka kesi zake zipate mashahidi.

Kanisa la Tucson

Jina lenyewe, "hifadhi", lilitoka kanisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 El Salvador na Guatemala zilikuwa vitani, na serikali ya Salvador ilikuwa inapewa silaha na Marekani. Watu walikimbia kuelekea kaskazini. Shida ni kwamba Washington ikikubali watu hao ni wakimbizi, inakubali pia kwamba rafiki yake anaua raia. Kwa hivyo 1984 maombi ya Wasalvador na Waguatemala yaliyokubaliwa hayakufika asilimia 3.

Tarehe 24 Machi 1982, miaka miwili kamili baada ya Askofu Mkuu Óscar Romero kupigwa risasi akiongoza misa, mchungaji John Fife wa kanisa la Southside Presbyterian, Tucson, Arizona, alitangaza hadharani kwamba kanisa lake ni hifadhi. Mwenzake Jim Corbett, mfugaji wa dhehebu la Quaker, alikuwa tayari anavusha watu mpakani. Mamia ya makanisa na masinagogi yakafuata.

Serikali ilituma majasusi ndani ya mikutano ya maombi wakiwa na vinasa sauti. Kesi ikaenda, na 1986 watu wanane wakapatikana na hatia. Hakuna hata mmoja aliyefungwa jela. Halafu 1991 serikali ilikubali, katika makubaliano ya mahakama, kusikiliza upya kesi za Wasalvador na Waguatemala. Kwa maneno mengine, wale "wahalifu" wa kanisani walikuwa wameona ukweli mapema.

San Francisco ilijitangaza mji wa hifadhi 1985 na kuifanya sheria 1989. Mwaka huo huo meya wa New York, Ed Koch, alitoa agizo kwamba wafanyakazi wa mji wasipeleke majina ya wahamiaji kwa serikali kuu, isipokuwa katika hali chache kama za uhalifu. Na unajua nani alilitetea agizo hilo mahakamani serikali kuu ilipolipiga marufuku 1996? Rudy Giuliani. Ndiyo, yule yule ambaye baadaye alikuwa wakili wa Trump. Alishindwa, lakini alienda.

Wenye bunduki wakasaidia bila kutaka

Mwaka 1997 kulitokea kitu ambacho wenye klipu hawakuambii. Sherifu wawili, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, walikataa sheria ya serikali kuu iliyowataka wachunguze historia ya watu wanaonunua bastola. Walitetea haki ya bunduki. Mahakama ya Juu iliwapa ushindi: serikali kuu haiwezi kuwageuza maafisa wa mashinani kuwa watumishi wake.

Leo Washington ikijaribu kulazimisha miji ishiriki kwenye misako ya uhamiaji, mawakili wa miji hufungua kesi hiyo hiyo ya bunduki na kuisoma kwa sauti. Ukiua kanuni hiyo ili umshike binamu yetu, umeiua pia kwa sherifu wa Montana.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyo ya siasa: pesa. Mwaka 2014 mahakama moja ya serikali kuu huko Oregon iliamua kwamba kaunti ya Clackamas ilivunja haki ya mwanamke kwa kumshikilia jela kwa ombi la uhamiaji tu, bila jaji kuhusika. Kaunti nyingi ziliogopa kushtakiwa, zikaacha hiyo tabia haraka.

Sasa tuongee usalama

Hapa sitaki kukwepa, kwa sababu kuna maiti. Julai 2015, mwanamke wa miaka 32 aliuawa kwa risasi akitembea na babake kando ya bahari San Francisco. Aliyefyatua alikuwa amefukuzwa Marekani mara tano. Miezi michache kabla, jela ya San Francisco ilikuwa imemwachilia ingawa ICE ilikuwa imeomba ashikiliwe. Bastola yenyewe ilikuwa imeibwa kwenye gari la afisa wa serikali kuu, na 2017 baraza la mahakama lilimwondolea mashtaka ya mauaji; risasi ilikuwa imedunda chini kwanza. Lakini familia ile bado ilizika mtoto wao. Mtu akikuambia uamuzi ule wa jela haukuwa na uzito wowote, anakudanganya.

Swali ni kama tukio moja linaonyesha hali yote. Utafiti wa David Hausman uliochapishwa 2020 uliangalia kaunti nyingi na kukuta sera hizi zilipunguza ufukuzaji kwa karibu theluthi moja, bila kubadilisha kiwango cha uhalifu. Waliopungua kufukuzwa hawakuwa wale wenye hatia za vurugu, maana hao waliendelea kupelekwa. Watafiti wengine, Miles na Cox, waliangalia upande wa pili, ule mpango wa alama za vidole, na hawakuona uhalifu ukishuka pale ulipoanza. Na 2013 Walatino waliohojiwa katika kaunti nne kubwa, asilimia 44 walisema wangesita kuwaita polisi hata wakitendewa uhalifu, kwa kuogopa kuulizwa makaratasi. Hiyo ndiyo shida ya Gates ya 1979.

Msimamo wangu ni huu. Mji ukikataa polisi wake wasiulize makaratasi mtaani, hospitalini na shuleni, uko sawa kabisa. Mtu aliyehukumiwa kwa kubaka au kuua akimaliza kifungo, mji unafaa kumkabidhi. California iliandika hivyo kwenye sheria yake ya 2017: jela haziwashikilii watu kwa ombi tu, lakini kwa orodha ya makosa mazito zinaruhusiwa kushirikiana na ICE. Ule mstari unaweza kuchorwa. Wanaosema haiwezekani wanahitaji vita viendelee.

Na sisi huku?

Minneapolis ilipitisha kanuni yake 2003, mji wenye Wasomali wengi ambao wengine walipitia kambi zetu. Ilhan Omar, mbunge wa huko, aliishi utotoni kambi ya Utange pale Mombasa. Sasa linganisha na upande wetu. Aprili 2014 ilikuja Operesheni Usalama Watch. Maelfu walikamatwa Eastleigh na wakashikiliwa hadi uwanja wa Kasarani. Sababu ilikuwa ya kweli, mabomu yalikuwa yanaua watu Nairobi. Lakini kipande kiligeuka bei, na mtaani ikawa utani kwamba Msomali ni ATM ya polisi.

Jiulize kama mfanyabiashara wa Eastleigh angeona kijana ameficha kitu kibaya nyumba ya jirani wiki ile, angempigia nani simu? Polisi hupata habari kutoka kwa watu wasiowaogopa. Gates alijua hilo akiwa na bunduki kiunoni na bila huruma yoyote moyoni. Ukikutana na klipu nyingine wiki hii, iwe ya upande gani, muulize mwenye klipu swali hilo moja: baada ya sera yako, ni nani bado atathubutu kuita polisi?